Mikarafuu Yangu Thelathini na Sita

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nina mke. Watu wakishayajua hayo mawili hunipa pole mara mbili. Pole ya kwanza naielewa: darasa langu la tano lina watoto themanini na watatu na madawati ishirini na tisa, na kila Januari mwalimu mkuu hutukusanya kutuambia kwamba ualimu ni wito. Nimegundua kwamba kazi huitwa wito pale ambapo hakuna jambo jingine la kuahidi. Pole ya pili ilinichukua muda kuielewa, kwa sababu mke wangu Anastasia hana kasoro yoyote inayojulikana, labda ile ya kuwa sahihi mara nyingi kuliko inavyovumilika.

Wanaonipa pole ya pili ni ndugu zangu. Kwetu ni Mbaga, milima ya Upare, ambako mwanamume hukatiwa kiwanja na baba yake, akajenga, ndipo akaleta mke. Mimi nilipangiwa kazi kijiji kimoja juu kidogo ya Kinole nikiwa na miaka ishirini na saba. Nilikuja na godoro na begi moja, nikiapa kukaa miaka miwili tu. Mwaka wa pili nikamwona Anastasia akifunga mikungu ya ndizi ya kupeleka mjini, akinicheka jinsi nilivyokuwa nikipanda mlima na viatu vya ngozi. Mwaka wa tatu nilikuwa nimehamia kwake. Huku Uluguruni ardhi ni ya ukoo wa mama. Nyumba nimeijenga mimi, bati nimenunua mimi, lakini imesimama kwenye ardhi ambayo mke wangu aliachiwa na bibi yake, na binti yetu Jesca, aliye chuoni Dodoma, anahesabiwa ukoo wa mama yake. Kaka zangu wana neno moja la kueleza hali hiyo. Wanasema nimeolewa. Wanalisema kila nikienda kwetu Krismasi, kabla hata sijakaa.

Mimi sikujali. Hilo nataka lieleweke, maana yaliyofuata yanaweza kumfanya mtu adhani nilikuwa na kinyongo cha miaka ishirini. Maisha yangu yalikuwa haya: natoka shuleni saa tisa na nusu, chaki imeniingia hadi kwenye nyusi, na kabla sijavua viatu nasikia kwamba ndoo hazijiendei zenyewe kisimani. Nachota maji. Namenya magimbi. Naambiwa nusu ya gimbi nimeiacha kwenye maganda. Kisha tunakaa jikoni, yeye ananihadithia nani kagombana na nani sokoni, mimi nasahihisha madaftari na kumsomea majibu ya watoto. Kuna mmoja aliandika kwamba faida ya milima ni kuzuia wageni. Anastasia alicheka hadi akashika ukuta. Kama yupo mtu mwenye furaha kuliko hiyo, basi hayupo kwenye ngazi yangu ya mshahara.

Kilichoniharibia ni semina. Oktoba mwaka jana, walimu tuliovuka miaka arobaini na tano tuliitwa Morogoro mjini kufundishwa namna ya kustaafu, jambo ambalo nilidhani mtu hulifanya hata bila mafunzo. Mwezeshaji, kijana mwenye tai, alitugawia karatasi akatuambia kila mmoja aandike mali isiyohamishika iliyo kwa jina lake. Jirani yangu alikuwa Mwalimu Hafidhi, tunayefundisha naye shule moja. Huyo aliinama akaandika mpaka akaomba karatasi nyingine. Ana kiwanja Kihonda, shamba Gairo, na nyumba isiyokwisha Dar es Salaam, ambako ndiko aliko mke wake. Wao huonana sikukuu za Idi. Huku kwetu Hafidhi anaishi chumba kimoja, na mara nyingi chakula chake cha jioni ni mkate na soda. Mimi nilishika kalamu dakika kumi, nikaandika jina langu, nikapiga mstari chini yake kwa rula. Basi.

Wakati wa chai Hafidhi alinionea huruma. Akaniambia kwamba mtu anayeishi milima ya Kinole bila mikarafuu amejitakia ufukara, kwamba mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka kama saba na huendelea mpaka wajukuu, na kwamba mimi si kijana. Nilipiga hesabu hapohapo kwenye kitambaa cha karatasi cha andazi. Niliingia kwenye semina ile nikiwa mtu mwenye furaha, nikatoka nikiwa mtu asiye na mali. Tulipewa na cheti.

Desemba shule zilipofungwa, mdogo wake Anastasia anayeishi Kilakala alijifungua, Anastasia akashuka mjini kumtunza mzazi kwa wiki tatu. Nikaona ndiyo nafasi yenyewe. Nilitafuta miche thelathini na sita nikaipanda kwenye nusu eka yetu ya bondeni, iliyokuwa wazi baada ya magimbi kuvunwa. Nilipima kwa kamba, mita tisa kwa mita tisa, safu sita za miti sita sita, na kila mche nikaujengea kivuli cha majani ya mgomba. Ilinyooka kiasi kwamba ukisimama pembeni uliona mche mmoja tu. Sikumwambia mtu yeyote. Nilijiambia kwamba ni zawadi ya mke wangu na kwamba nitamshtukiza. Nilijiambia hivyo asubuhi na jioni, na hilo peke yake lilitosha kunitia shaka, lakini nilikuwa na kazi nyingi.

Sasa kuna jambo ambalo kila mtoto wa huku analijua kabla hajajua kuandika jina lake. Mgeni anaruhusiwa kulima mahindi, maharage, chochote kinachovunwa kikaisha. Mti wa kudumu ni habari nyingine. Ardhi hubaki ya ukoo, lakini mti ni wa aliyeupanda, na kwa kuwa mti hauondoki, aliyeupanda naye haondoki, wala ndugu zake hawatakosa la kudai siku akifa. Kwa hiyo anayetaka kupanda mti huomba kwanza mbele ya mashahidi, akatoa ngoto, yaani kile kitu cha kuombea ardhi. Zamani ilikuwa pombe, siku hizi ni jogoo. Na mume ni mgeni kama wageni wengine. Yote hayo nilikuwa nayajua. Nimehudhuria kesi tatu za namna hiyo, na katika moja nilikuwa mwandishi wa kikao. Haikunijia hata mara moja kwamba yananihusu mimi. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimejisahau nikajiona mwenyeji.

Anastasia aliporudi kutoka Kilakala nilimpokea mzigo, nikamshika mkono, nikampeleka bondeni hata kabla hajanywa maji. Nilitarajia afurahi, au angalau aniambie safu zimenyooka. Alisimama akaitazama ile miche moja moja, kwa utulivu, kama anayetafuta mtu kwenye picha ya harusi. Kisha akauliza nani alikuwa shahidi. Nikamuuliza shahidi wa nini. Aligeuka akapanda kurudi nyumbani, na mimi nikabaki na miche yangu, na hapo ndipo nilipokumbuka zile kesi tatu.

Jumapili ya kwanza ya Januari, baada ya misa, nikaitwa kwenye ukoo. Lazima nimweleze mjomba Kondo, maana ndiye aliyeniita. Kondo ni mdogo wa mwisho wa mama mkwe wangu, na ndiye msemaji wa ukoo kwenye mambo ya ardhi. Ana miaka thelathini na sita. Nilimfundisha darasa la saba. Niliwahi kumtoa nje kwa kutafuna muwa wakati wa somo la Sayansi. Tangu nimwoe mpwa wake tumekuwa na utaratibu ambao hatukuuandika popote: tukikutana karibu na shule yeye ananipa shikamoo kama mwalimu wake, na tukikutana kwenye ukumbi wa nyumba ya bibi, mimi ndiye ninayetoa shikamoo, kwa mjomba wa mke wangu. Siku ile tulikuwa kwenye ukumbi wa nyumba ya bibi.

Nilimwamkia, nikapewa kiti cha plastiki chenye mguu uliopasuka. Walikuwepo watu kama saba, akiwemo Bi Mosi, ndugu wa bibi, mwanamke mwenye miaka themanini na masikio yasiyopitwa na neno. Anastasia alikaa upande wao. Kondo aliuliza kwa adabu zote kama ni mimi niliyepanda. Nikakubali. Bi Mosi akasema kwamba amesikia siku nyingi kuwa Mpare hawezi kuishi bila kesi, lakini leo ndiyo ameona Mpare aliyekosa kesi akaipanda mwenyewe. Watu wakacheka, hata mimi nikacheka kidogo, maana ni utani wa haki.

Kondo hakucheka. Alinieleza njia mbili. Naweza kuleta jogoo, nikapewa ruhusa mbele ya mashahidi, miti ikawa yangu. Ila hapo nitakuwa mgeni aliyeomba ardhi ya mke wake, na ukoo utanihesabu hivyo hadi mwisho. Au kama niliipanda kwa ajili ya mke wangu, nitamke tu, na mambo yaishe. Nikasema upesi kwamba ilikuwa zawadi. Kondo akaonyesha kupata nafuu.

"Basi sema miti ni ya Anastasia," aliniambia, "tukale."

Jambo dogo kiasi hicho. Mimi ni mtu wa kuzungumza. Nasikika na watoto themanini na watatu mvua ikipiga juu ya bati. Nilifungua mdomo na maneno hayakutoka. Nilikuwa naiona ile karatasi yenye jina langu na mstari chini yake. Nikafunga mdomo, nikafungua tena, nikasema naomba muda wa kufikiri. Kondo akanipa wiki moja. Sikumtazama Anastasia, lakini nilijua kwamba yeye ananitazama.

Kesho yake, Jumatatu, nilirudi shuleni saa tisa na nusu nikakuta ndoo zimejaa. Anastasia alinipokea mlangoni, akachukua mkoba wangu, akanikaribisha nikae kwenye kochi. Akaja na birika na beseni akaninawisha mikono. Chakula kililetwa kwenye zile sahani za kabatini tulizopewa siku ya harusi, na kilikuwa wali na kuku, na paja lilikuwa langu. Akasema, "Karibu, mwalimu. Utusamehe kwa chakula chetu cha shamba." Mke wangu huniita Baba Jesca, na akikasirika huniita Evance. Mwalimu hajawahi kuniita tangu tuoane.

Siku ya pili ikawa hivyohivyo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, kwa hiyo Jumatano nilirudi na matumaini makubwa ya kupewa jembe. Nilikuta pilau. Nilijaribu kuingia jikoni nimenye viazi. Akakitoa kisu mkononi mwangu kwa upole, akasema nitachafua shati. Alhamisi nikamsomea jibu la mtoto aliyeandika kwamba viungo vya mwili wa binadamu ni iliki, mdalasini na pilipili manga. Mwaka mzima nisingepata jibu bora kuliko hilo. Anastasia alitabasamu kwa heshima akasema, "Hongera kwa kazi nzuri, mwalimu."

Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa juu ya tofali. Machozi yalinitoka, mtu mzima wa miaka arobaini na tisa mwenye cheti cha semina, kwa sababu nimenyimwa ndoo. Shuleni Hafidhi alipouliza habari za nyumbani nilimwambia siku hizi nakula kuku, akasema natunzwa vizuri. Nilimtazama Hafidhi, na viwanja vyake vyote, nikaona kwamba kama nitaleta jogoo, hivi ndivyo nitakavyoishi: nikikaribishwa. Miaka saba ya kukaribishwa mpaka karafuu ya kwanza. Ndipo nikaogopa kweli. Sikuogopa ukoo, wala kaka zangu. Niliogopa kwamba yule mwanamke anaweza kuniheshimu hivyo mpaka nife.

Jumapili ya pili sikusubiri kuulizwa. Nilisimama, nikamwamkia Kondo, nikasema.

"Ile miti ni ya Anastasia. Lakini Jumapili iliyopita niliwadanganya. Sikuipanda iwe zawadi. Nilitaka na mimi niwe na kitu chenye jina langu."

Hakuna aliyecheka, na hapo ningefurahi kama Bi Mosi angenitania. Kondo alimgeukia mpwa wake akamuuliza kama anapokea. Anastasia alikunja na kukunjua ncha ya khanga yake, kisha akazungumza akimtazama Kondo, si mimi.

"Huyu kila siku ananiuliza chumvi iko wapi. Ananiuliza avae shati lipi. Hili hakuniuliza. Mwanamume akipanda mti bila kumwambia mkewe, anajipangia maisha ambayo mke hayumo. Nilidhani anajiandaa kuondoka. Wiki nzima nimempikia kama anayeondoka."

Sauti yake ilikatika kidogo kwenye neno la mwisho. Nilitamani ardhi ya ukoo inimeze, hata bila ngoto. Miaka ishirini nilidhani kati yetu sisi wawili mimi ndiye ninayekaa kwenye nyumba ya mwenzangu, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akiishi na mtu anayeweza kubeba begi lake siku yoyote. Nikamwambia hivyo, mbele ya watu, kwamba sikuwahi kufikiria kuondoka hata siku moja, na kwamba ningemwambia mapema kama ningejua anahitaji kuambiwa. Akasema sasa ameambiwa.

Kisha akafuta macho, akaongeza kwa sauti yake ya kawaida, "Na ile miti ingekufa hata hivyo. Bondeni masika yote kunatuama maji. Mkarafuu haukai kwenye maji."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamtazama Kondo, Kondo akatazama miguu yake. Nikawatazama wengine mmoja mmoja, na kila niliyemtazama alikuwa na jambo la kuangalia kwingine. Nikauliza kama wote walijua. Bi Mosi akasema hata kuku wanajua, ndiyo maana pale panapandwa magimbi. Miaka zaidi ya ishirini nimekula magimbi ya pale na sikuwahi kujiuliza kwa nini ni magimbi. Nikauliza, kwa unyenyekevu uliobaki, kwa nini basi watu wazima wamekaa vikao viwili kugombania miti inayosubiri kufa mwezi wa tatu.

Kondo akajikuna shingo. "Mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha udongo mfinyanzi unashika maji. Tukajua una mpango wako."

Hapo ndipo walipocheka, na walicheka kwa muda mrefu, na Anastasia alishika ukuta. Tukala. Uamuzi wa ukoo ulikuwa kwamba miti imekuwa ya Anastasia na yeye ataipeleka anakotaka. Jogoo walinidai hata hivyo, kwa kuwapotezea Jumapili mbili, na tukamla siku ileile.

Jumamosi iliyofuata aliniamsha kwa kunivuta shuka, akanipa jembe na sururu, tukashuka bondeni kuing'oa ile miche na udongo wake. Minne ilikuwa imeshaanza kuoza mizizi. Iliyobaki tuliipandisha hadi kwenye mteremko nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, ambako maji hayakai. Nilikuwa nimebeba kamba yangu ya kupimia. Akaitazama akaniambia niitumie kufungia kuni. Yeye alitembea mbele, akapiga kisigino mahali kimoja, akasema hapa, akaenda hatua kadhaa bila mpango wowote ninaoujua, akasema na hapa. Mimi nilichimba. Alinisema kwa kuchimba kwa kufukua badala ya kushuka chini, akanisema kwa kukata mizizi, akanisema kwa kuvaa suruali ya kazini. Mgongo uliniuma na nilikuwa nimefurahi kiasi kwamba niliogopa ataniona.

Tulipofika shimo la mwisho, karibu na ukuta wa jikoni, alishika mche mwenyewe akausimamisha, nikarudishia udongo, yeye akaushindilia kwa miguu. Nikamuuliza, kwa utani tu, kama hata huu mmoja hawezi kuniachia.

Anastasia aliutazama ule mche, kisha akanitazama mimi, na hakuwa anatania.

"Wewe ukiwa hai, mti ni wangu," alisema. "Ukifa nitasema ni wako, na anayebisha aje aniulize mimi."

Nilishika kipini cha jembe nikatazama chini, kwa sababu macho yalikuwa yameshaanza kulowa. Naye akaniambia nisisimame hapo, niende nikachote maji ya kumwagilia kabla jua halijakuwa kali.